Jumapili Tano za Mama Pasi

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja anafungua pasi ya mkaa na kupuliza majivu. Anaipitisha kwanza juu ya kitambaa kikuukuu, anatazama kama imeacha doa, ndipo anavuta shati jeupe la mwalimu. Anaanza na kola. Mgongo anaumalizia.

Nguo za siku zikiisha, anaokota kipande cha mkaa uliozimika, anageukia ukuta nyuma ya mlango na kuchora mstari. Mstari mmoja, siku moja. Ndivyo alivyohesabu siku kwa miaka kumi na tisa, katika chumba hiki hiki anachopigia pasi na kulala.

"Ukuta haujawahi kunidanganya," anasema, kisha anacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Basi safari hii tumedanganyana."

Majirani wanamwita Mama Pasi. Mistari iliyomponza ipo pale pale, thelathini, ameifunika kwa shuka isifutike.

Mwenye nyumba wa zamani, aliyefariki mwaka juzi, alimwambia mbele ya fundi viatu wa jirani kwamba atakaa chumbani humo mpaka mwisho wa maisha yake. Mpwa wa marehemu, aliyerithi nyumba, anasema maneno hayo hayajui, na chumba anakitaka. Baraza la ardhi na nyumba lilipokaa kusikiliza mgogoro huo, fundi viatu alikuwa amelazwa hospitali. Likaamua bila kumsikia: Mama Pasi ahame. Kama hakuridhika, akate rufaa ndani ya siku thelathini.

Akarudi nyumbani, akaanza kuchora. Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili pasi haiwashwi, kwa hiyo Jumapili ukutani haimo.

Bintiye, anayefanya kazi mji mwingine, alimwandikia karatasi za rufaa na kuzituma mapema. Zilikaa chini ya godoro wiki mbili.

"Nguo ya mtu ya Ijumaa huipeleki Jumatano," anaeleza. "Nikasubiri siku yangu."

Mstari wa thelathini ulipotimia, alivaa gauni lake la kutokea, alilolinyoosha mwenyewe, akaenda mahakamani. Karani alizigeuza karatasi, akatazama kalenda ukutani.

"Mama yangu, umechelewa siku tano."

Akadhani anataniwa. Akamwambia karani ahesabu upya, taratibu, na yeye akahesabu kwa vidole. Walipofika Jumapili ya kwanza, karani akaihesabu. Mama Pasi akairuka. Wakatazamana.

Tangu hapo hoja si chumba tena, ni siku hizo tano. Wakili wa msaada wa kisheria alimfafanulia kwamba mahakama inaweza kumwongezea muda, ila lazima aonyeshe sababu ya kutosha na aeleze kila siku aliyochelewa. Akikataliwa, fundi viatu, ambaye sasa amepona na yuko tayari kusema, hatasikilizwa na mtu yeyote.

Maombi yalisikilizwa mwezi uliopita. Wakili wa mpwa alisema kutojua sheria si sababu, na kwamba mahakama ikimhurumia kila aliyekosea hesabu, kesi za nyumba hazitakwisha. Jaji alizitazama picha za ukuta alizopewa na wakili wa mama, kisha akauliza kwa nini mama hakumwuliza mtu.

"Ningeuliza nini, mheshimiwa? Kuhesabu najua."

Baadhi ya watu walicheka. Jaji hakucheka. Aliandika kitu, akaahirisha.

Bintiye amemtaka akahamie kwake. Mama Pasi anasema huko hana mteja hata mmoja, na mtu wa kukaa tu bila kazi huzeeka kwa wiki moja. Mwalimu naye ameanza kumletea mashati machache machache, eti asimchoshe. Yeye anajua: mwalimu anaogopa siku moja atakuta mlango umefungwa na nguo zake ndani.

Uamuzi utasomwa Alhamisi. Tumaini lake ni dogo na analitaja kwa sauti ya chini: jaji akubali kwamba mtu anaweza kuchelewa bila kuzembea.

Jaji akikataa, atapewa siku kumi na nne za kutoa vitu vyake. Anakunja shati la mwalimu, analiweka juu ya mengine, analigusa kidogo kuhakikisha limekaa sawa.

"Hizo kumi na nne nimeshaziuliza," anasema. "Jumapili zimo."