Béatha Alipouonea Wivu Ugonjwa

Béatha, fundi cherehani wa mtaa wa Kimisagara, hakuwahi kumwona mtu anayeikataa isombe yake. Kwa hiyo mwaka ule wa korona, mumewe Valens alipousukuma mbali mchuzi ule wa majani ya muhogo na karanga, akasema, "Mama Keza, haina ladha, hata harufu siisikii," mawazo ya Béatha yaliruka moja kwa moja hadi mtaa wa Gisimenti. Huko ndiko mumewe alikokuwa akitengeneza simu, na mlango wa pili Yasmina, mjane kutoka Kigoma mwenye sauti nyororo, aliuza chakula.

"Ladha umeiacha kwa Yasmina," alimwambia.

"Mwili wote unaniuma. Niache."

Hakumwacha. Homa ilipopanda na kikohozi kikavu kikawa kinamkata maneno, walikwenda kupimwa korona. Valens alikuwa nayo. Béatha hakuwa nayo. Muuguzi alipouliza amekaa karibu na nani, Valens alimtaja Yasmina: wakati wa mvua walikuwa wakifunga madirisha na kubanana mezani kwake. Yasmina naye alipimwa, naye akakutwa nayo. Wote wawili wakapelekwa kituo kimoja cha wagonjwa.

Majirani waliuogopa ugonjwa. Béatha aliumia kwamba umewachagua wale wawili, ukamruka yeye. Kila alichoshona kilikwenda upande.

"Yasmina hapumui vizuri," Valens alisema kwenye simu, sauti ikitetemeka.

"Umejuaje? Unamlinda?"

"Ukuta ni mwembamba, Béatha. Tunamsikia sote."

Asubuhi moja aliponda kitunguu saumu, akakinusa. Hakusikia kitu. Akakisogeza mpaka puani, hakusikia kitu. Akacheka peke yake. Katika kituo cha afya, muuguzi alishangaa kumwona mtu akipokea jibu kwamba anayo kama habari za posa. Mtoto wao Keza akaachwa kwa shangazi yake, Béatha akapelekwa kituo kile kile cha wagonjwa.

Maneno ya kumwambia Yasmina alikuwa ameyapanga zamani. Lakini katika wodi ya wanawake alimkuta amelazwa kifudifudi, mrija wa oksijeni puani, midomo imegeuka rangi ya majivu, kila pumzi akiitafuta. Yasmina akafumbua jicho.

"Dada… wewe ndiye… mwenye isombe?"

"Nani kakwambia?"

"Bwana wako. Kila siku… isombe yangu… anaisema vibaya."

Béatha aliketi. Furaha ilimjia, ikafuatwa na mwiba mwingine: kumbe kila siku wanazungumza! Hata hivyo alishika kikombe, akamnywesha maji kidogo kidogo, siku ile na zilizofuata.

Wote walipona, ingawa Yasmina bado huhema akipanda ngazi. Siku Valens aliporudi kazini, Béatha alimpa bakuli la isombe lililofungwa kitambaa, asile tena kwa Yasmina.

"Lakini si Yasmina alikwambia mwenyewe kwamba yake siipendi?" Valens akalalamika.

"Aliniambia. Beba."