Siku tisa ndani ya spika ya kulia

Saa tatu asubuhi, fundi amelaza shavu juu ya redio kaseti kubwa kama sanduku la safari. Sikio la kushoto limegandamana na spika, la kulia ameliziba kwa kidole. Mpita njia asiyemjua angedhani mzee huyu ana jino bovu na amekosa pa kulilia.

"Nyamaza kwanza," anamwambia mwandishi, ambaye hajasema neno. "Namsikiliza mgonjwa."

Mtaa mzima humwita Mzee Stereo. Ana miaka sitini na mmoja, na kwa miaka thelathini na minne ametengeneza redio za kaseti zenye mpini, zile ambazo vijana wa zamani walizipandisha begani wakaringa nazo. Enzi hizo alipokea kumi kwa wiki. Sasa akipata mbili anashukuru, na siku nyingine wanaoingia ni watu wanaouliza duka la simu liko wapi.

Chumba chake anagawana na mkewe, fundi cherehani. Mpaka wao ni utepe wa kupimia uliogundishwa sakafuni. Skrubu ikivuka, hairudi bila maneno.

"Tuna masharti," anasema mkewe huku akitunga uzi. "Yeye hagusi mkasi wangu, mimi sigusi waya zake. Na kwenye kazi yake nisimshauri mpaka aniulize."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomponza Mzee Stereo mwezi uliopita.

Mwalimu mmoja mstaafu alimletea redio yenye spika mbili na maiki mbili. Ndani yake mlikuwa na kanda aliyorekodi na marehemu mumewe: yeye akiimba kwenye maiki ya kushoto, mume kwenye ya kulia. Kushoto kulisikika, kulia kimya.

"Fundi, nimebaki naimba peke yangu," alimwambia. "Nirudishie mzee wangu."

Fundi alianza na swichi na kitufe cha sauti, ambavyo katika redio za umri huo hujaa kutu na vumbi. Akavisafisha kwa pamba na spiriti, akavizungusha mara hamsini. Kisha akasikiliza kwa mtindo wake: sikio la kushoto kwa spika ya kushoto, la kulia kwa ya kulia, na jingine limezibwa ili upande mmoja usimdanganye kuhusu wa pili. Hasikilizi kwa namna nyingine. Kusikiliza kwa mbali, anasema, ni kazi ya wateja.

Kushoto, mama aliimba. Kulia, kimya.

Akabadilisha waya. Kimya. Akaing'oa spika ya kushoto iliyokuwa ikiimba vizuri, akaifunga kulia. Nayo ikanyamaza! Siku ya saba alikula chakula cha mchana akiitazama redio kwa jicho la mtu aliyetukanwa.

"Nilianza kuamini marehemu amegoma," anasema, bila kucheka.

Siku ya tisa mwalimu akaja. Fundi akaweka sikio la kulia kwenye spika ya kulia, akaziba la kushoto, akabonyeza kitufe ili amwonyeshe hali ilivyo mbaya. Mwalimu akajishika kifua. Fundi akaizima redio haraka.

"Huyo hapo!" mwalimu akasema.

"Nani, mwalimu?"

"Mume wangu! Alikuwa anaimba!"

Fundi akamvutia kiti, akampa maji, akamweleza kwa upole kwamba majonzi humfanya mtu asikie mengi.

"Majonzi gani?" mkewe akadakia kutoka kwenye cherehani. "Hata mimi namsikia tangu siku ile uliposafisha swichi. Na samahani, mwalimu, lakini mzee alikuwa anatoka nje ya wimbo."

"Maisha yake yote," mwalimu akajibu, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Sasa mbona hukuniambia?" fundi akafoka.

"Uliniuliza, baba? Hebu weka lile sikio jingine."

Akaweka la kushoto kwenye spika ya kulia, na sauti nzito ya mwanamume ikamjaa kichwani. Akaweka la kulia kwenye spika ya kushoto, na mama wa watu akanyamaza. Redio ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza. Kibovu kilikuwa sikio la kulia la fundi.

"Niliogopa," anakiri. "Kazi yangu yote ni kusikia. Nisiposikia, mimi nani?"

Tangu siku hiyo hutumia sikio moja kwa spika zote mbili, akiizunguka meza kama anayetafuta pa kukaa. Kazi inatoka, ila polepole. Kadi ya hospitali anayo kwa wiki ya tatu, na bado hajaenda.

"Mimi ndiye ninayewaambia watu kwamba hiki hakitengenezeki," anasema. "Nawajua wanavyotoka hapo mlangoni. Sitaki kutoka vile."

Mkewe ameshaamua: kesho saa mbili asubuhi wanakwenda wote wawili. Na fundi amejipangia jambo moja akipona. Atamwomba mwalimu ile kanda, akae katikati ya chumba, awasikilize wale wawili wakiimba pamoja, kila mmoja upande wake.

Na daktari akisema halitengenezeki? Mwandishi anauliza hilo baada ya kuhamia upande wa sikio lake la kushoto.

Fundi anaifuta redio vumbi kwa kiganja.

"Redio ya baba yangu ilikuwa na spika moja," anasema. "Watu walicheza mpaka soli za viatu zikaisha."

Mkewe anasimamisha cherehani.

"Utavaa lile shati la bluu," anamwambia. "Nimeshalipiga pasi."