Risasi Elfu Sita Sebuleni Kwangu

Ukuta wa sebuleni kwangu umepigwa risasi elfu sita na hauna hata kovu.

Majirani hawajasikia kitu. Mke wangu alilalamika mara moja tu, tena alilalamikia msumari niliopigilia ili kutundika karatasi.

Tulieni niwasimulie. Mkicheka, chekeni kwa adabu, maana aliyeumbuka ni mimi.

Mimi ni mlinzi mwenye silaha kwenye ghala la dawa. Bastola kiunoni, buti zinang'aa. Wenzangu wananiita Komando. Mwanzoni nilidhani ni sifa.

Kila mwaka tunafanya mtihani wa shabaha. Risasi thelathini, na ishirini na moja lazima ziingie ndani ya duara. Mwaka jana nilifaulu kwa risasi moja, na hiyo moja nadhani ilikuwa ya mwenzangu wa kulia.

Mwaka huu mkufunzi wetu, tunayemwita Afande, alinivuta pembeni mapema.

"Komando, ukifeli mara mbili nakuhamishia getini. Utapandisha chuma, utashusha chuma, mpaka ustaafu."

Nilijisikia vibaya, siwafichi. Siku ya kujitambulisha ukweni nilikuwa nimejigamba kwamba binti yao anaolewa na mtu wa silaha. Mama mkwe alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Haya baba, tutaona." Sasa anaishi kwetu, amestaafu ushonaji, na bado anaangalia.

Afande akanisaidia. Alinipa bastola ya mazoezi, uzito uleule wa ile ya kazini, ila haipokei risasi hata ukiibembeleza. Ndani ina leza. Ukivuta triga inasema ta! na kidoa chekundu kinamulika ukutani. Simu unaiweka kwenye kigoda, inatazama karatasi kwa kamera yake, halafu sauti ya mwanamke inatangaza: "Umepata!" au "Umekosa!" Mwisho wa wiki inakupa wastani wako.

"Dakika kumi na tano kila siku," Afande akasema. "Usimwelekezee mtu hata kama haina risasi. Na jicho libaki kwenye kile kinundu cha mbele cha kulengea, usiangalie karatasi."

Hilo la mwisho lilipita sikio hili likatokea lile. Nilishaanza kuchezea kidude.

Kazini kwetu simu haziruhusiwi, kwa hiyo yangu ikawa inashinda nyumbani, juu ya kigoda chake, inatazama ukuta.

Wiki ya kwanza, wastani asilimia hamsini na mbili.

Wiki ya pili, sabini.

Wiki ya tano, tisini na tatu!

Jamani, nilivimba. Mazoezi nikayapunguza, kutoka dakika kumi na tano hadi risasi tano tu kabla ya chai. Wastani ukazidi kupanda! Nikajiambia mbele ya kioo: hiki ni kipaji. Kweli nilikuwa nakosakosa, lakini nililaumu mwanga wa dirishani.

Kazini nilikuwa siambiliki. "Nyie lengeni duara," niliwaambia wenzangu. "Mimi niwekeeni nzi."

Nyumbani vilevile. "Mama, mkweo siku hizi ni hatari."

Mama mkwe anainua macho kutoka kwenye kitambaa chake. "Naona, baba." Anatabasamu. Mimi nikajua ananionea fahari.

Siku ya mtihani nilivaa miwani ya jua.

Nilipiga tisa.

Tisa kati ya thelathini. Ile karatasi ni pana kuliko meza yangu ya kulia chakula!

"Komando," mmoja akauliza, "hizo nyingine umewatumia ndugu zako?"

Afande hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Wiki mbili, unarudia. Sasa nenda nyumbani."

Nilifika kwangu saa nane mchana, saa ambayo hakuna anayenitegemea. Nikiwa mlangoni nikasikia sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu.

"Umepata! Umepata! Umepata!"

Nikachungulia.

Mama mkwe. Miwani imeshuka puani, futi ya kupimia nguo shingoni, bastola mikononi, miguu ameipanua kidogo. Ta! "Umepata!"

"Mama!"

Hakushtuka. Alitoa kwanza kidole kwenye triga, akaelekeza mdomo wa bastola sakafuni, ndipo akageuka. Hata kazini hatuna wenye nidhamu hiyo.

"Leo mapema, baba. Umefaulu?"

"Mama, hii kitu unaichezea tangu lini?"

"Tangu ulipoileta. Mkishaondoka nyumba inakuwa kimya. Huyu wa kwenye simu angalau ananipongeza. Humu ndani kuna mwingine anayenipongeza?"

Nilichukua simu, nikafungua orodha ya kila pigo na saa yake, orodha ambayo wiki zote tano sikuwahi kuifungua. Mapigo elfu tano na ushee. Karibu yote kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, saa ambazo mimi nipo ghalani. Yaliyobaki, ya alfajiri na ya jioni, ndiyo yalikuwa yangu. Nikakokotoa wastani wa hayo ya kwangu.

Thelathini na tisa. Sawasawa na umri wangu.

Nilikaa kwenye kochi. Hasira nilikuwa nayo, lakini aibu ilikuwa kubwa zaidi. Nikamweleza yote: zile tisa, wiki mbili, geti, chuma cha kupandisha na kushusha.

"Basi nimekuponza."

"Umeniponza, mama."

"Haya, usinililie. Shika, nione unavyopiga."

Nikapiga mara tatu. Yeye hakuangalia karatasi hata mara moja, alikuwa ananiangalia mimi.

"Mbona unachungulia?"

"Nachungulia nini?"

"Kabla hujamaliza kuvuta, macho yameshakimbilia ukutani kutafuta kidoa. Kichwa kinapanda, mkono unashuka. Unataka sifa kabla ya kazi."

Nikaudhika. "Mama, wewe hata saa ya ukutani huioni! Unalengaje?"

"Ndiyo maana napata. Vya mbali kwangu ni ukungu. Nakaona haka kanundu tu. Nakaweka katikati ya ule weupe wa karatasi, navuta taratibu, nasikiliza. Miaka thelathini nimekaa kwenye cherehani, baba. Ukitazama mshono uliopita, sindano inakula kidole."

Maneno yaleyale ya Afande! Ila safari hii yaliingia, kwa sababu yalitoka kwa mtu aliyekuwa amenishinda ndani ya nyumba yangu.

Kuanzia jioni ile nikawa mwanafunzi wa mama mkwe. Sauti ya simu akaizima. Akakaa pembeni yangu karibu na kigoda cha simu, macho kwenye kioo chake, rula yake ya mbao mkononi.

Ta!

"Nimepata?"

"Piga."

Ta!

"Hiyo nimepata?"

"Piga, baba."

Nikichungulia tu, rula inatua kisogoni. Siku ya tatu mke wangu akatoka jikoni. "Mama, unampiga mume wangu?"

"Nampiga kichwa tu."

"Sawa," mke wangu akasema, akarudi jikoni. Ndoa hiyo.

Siku ya kurudia mtihani sikuvaa miwani. Nilikitazama kinundu, ule weupe nikauacha uwe ukungu. Kila nikitaka kuchungulia, kisogo kinawasha chenyewe. Piga, baba. Piga, baba.

Ishirini na tatu!

Nilipiga kelele ambayo haiko kwenye taratibu za uwanja.

"Nani kakufundisha?" Afande akauliza.

"Mama mkwe."

Akadhani namdhihaki. Jumamosi akaja mwenyewe nyumbani kuchukua bastola yake. Mama mkwe akamkaribisha chai, akamwambia wapige kumi kumi kwanza, akimshinda aichukue. Afande alipata saba, mama mkwe kumi. Aliondoka bila bastola, na tangu siku hiyo anamwita mama mkwe "mkuu". Ndiyo maana ukuta umefika elfu sita.

Jioni ile nilimfungulia mama ukurasa wake mwenyewe kwenye programu ya simu, wa kwangu ukabaki na mapigo yangu tu. Nikaiwasha tena sauti, nayo ikatangaza bila huruma: "Wastani wako umeshuka. Asilimia sitini na moja."

Mke wangu akanishika bega. "Pole."

Pole ya nini? Namba ile niliipiga picha. Sitini na moja, na zote nimezipiga mimi.

Funzo ninalowaachia ni hili: ukiona sifa zinapanda huku jasho linapungua, chunguza, kuna mtu anatoka jasho hilo badala yako. Ukimpata, mpongeze kwa sauti.

Mimi sasa kila nikirudi kazini, kabla sijavua buti, nauliza, "Mama, leo ngapi?"

"Tisini na saba."

"Hongera, mama."

"Asante, baba. Haya, shika, zamu yako." Na rula anayo mkononi.