Mama anataka meno yangu yawe meupe kabla mgeni wa Shinyanga hajafika

Admin, nifiche jina kabisa, maana nyumbani kwetu hii page wanaisoma. Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, naishi Soweto hapa Mbeya, nauza duka la vitambaa. Mwezi ujao ni send-off yangu, naolewa na kijana wa Iringa. Badala ya kufurahi, mwenzenu nalala na maswali, naamka nayo.

Nina meno ya kahawia, yale ambayo hata upige mswaki mpaka fizi zitoe damu, madoa hayatoki. Wazazi wangu ni Wasukuma, walihamia Igawa na ng'ombe wao kabla hawajapata mtoto. Tuko watano, mimi ndiye mkubwa, na mama anasema wote katuzalia hapo hapo Igawa. Wadogo zangu wana meno meupe pee. Ni mimi tu. Nikiuliza najibiwa, "Umerithi kwa bibi yako." Huyo bibi mwenyewe simjui.

Wazee wa Kisukuma wanaopita mnadani wanatambuana kwa meno. Wakiniona nimecheka tu, wananisalimia "Mwangaluka, mayu," halafu wananiuliza nimetoka lini kule kwetu Shinyanga. Mama hudakia kabla sijafungua mdomo, "Huyu wa hapa hapa." Zamani nilikuwa nacheka.

Sasa mama huyu huyu, ambaye hajawahi kujali meno yangu, ghafla kanishikia bango nikatibiwe. "Wakwe zako wa Iringa watakuonaje?" Wakwe gani? Mchumba wangu kanipenda hivi hivi, na mama yake ndiye aliyenisifia tabasamu! Nikaenda ili kumridhisha tu. Daktari akasafisha meno ya mbele ya juu, akayapaka dawa ya majimaji wanaiita resin, inapenya ndani ya doa kisha wanaikausha kwa taa ya bluu. Jamani, kwenye kioo nilijiona mwingine, nikalia kwa furaha. Ya chini akanipangia Jumatatu.

Wakati natoka akaniuliza, "Umekulia wapi?" Nikamwambia Igawa. "Na wadogo zako wanayo madoa haya?" Nikasema hapana. Akashangaa. Akasema yanatokana na madini ya floraidi kwenye maji aliyokunywa mtu akiwa mtoto mdogo, meno ya ukubwani yakiwa bado ndani ya fizi. "Hayarithiwi haya, dada. Kama mlikunywa maji mamoja, na wao wangekuwa nayo. Muulize mama ulikaa wapi ukiwa mdogo."

Nikampigia mama. Nikamweleza alichosema daktari. Akasema, "Madaktari wana maneno mengi. Wewe malizia hayo meno kabla mama yako mdogo hajafika." Mama mdogo yupi? Eti mdogo wake wa Shinyanga, ambaye sijawahi kumwona hata kwenye picha, anakuja kwenye send-off yangu. Nikauliza anahusika nini na meno yangu. Simu ikakatwa.

Nimembana mdogo wangu wa kike anayeishi na mama. Kwanza akajifanya hajui kitu. Nilipomng'ang'ania akasema, "Dada, usinitaje. Huyo mama mdogo kila akipiga simu wanagombana na mama. Juzi nilimsikia analia kwenye spika, anasema, 'Mwambie asiyatibu mpaka nimwone.'"

Tangu hapo sina amani. Nampenda mama yangu, amenilea vizuri na hajawahi kunibagua na wadogo zangu. Ila kuna kitu ananificha, na naogopa nikimuuliza kwa nguvu nitavunja send-off na moyo wake pamoja. Na nikinyamaza nitaingia kwenye ndoa sijui mimi ni mtoto wa nani.

Ndugu zangu, nishaurini. Jumatatu nikakae kwenye kiti cha daktari nimalizie, au nimwachie huyo mama haya ya chini ayaone?