Siku Niliyoandika Kwamba Hapakutokea Kitu

Mjukuu wangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile niliyoandika ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba hapakutokea kitu. Usinione nimenyamaza uliponipa habari ya kazi yako mpya redioni. Nimefurahi mno. Ila uliposema kazi yenyewe ni kutayarisha kile kipindi kifupi cha asubuhi cha "Siku kama ya leo", moyo ulinipasuka kidogo, maana kazi hiyo niliwahi kuifanya kabla mama yako hajazaliwa, na niliiharibu. Kaa basi, chai ipo, nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, karani mpiga chapa katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Nilipanga chumba Kariakoo, enzi zile soko jipya bado linajengwa na wauzaji wametawanywa huku na huko, ukitaka nyanya unazunguka mitaa mitatu. Miaka ile aliyesoma alitakiwa amfundishe asiyejua. Basi kila siku ya kazi, alasiri, nilivuka kwenda mtaa wa Gerezani kufundisha kisomo cha watu wazima katika ukumbi mmoja nyuma ya karakana za reli. Siku hizi mwendokasi inapita karibu na hapo. Ukumbi wenyewe ulishabomolewa.

Nilikuwa najisikia, sikufichi. Nilivaa viatu vya raizoni, vile vya soli nene, nikashika chaki kwa ncha za vidole nisichafue kucha. Watu wazima wenye wajukuu wakiniita Mwalimu, nami naitika bila hata aibu.

Wanafunzi wangu walikuwa makuli wa bandarini, mafundi wa reli na akina mama wa sokoni. Vitabu tulivyoletewa vilihusu mbolea na kilimo cha pamba, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shamba. Walisinzia. Ndipo nikakumbuka kitabu kimoja kinene pale ofisini, kilichoachwa na Mzungu mmoja alipokuwa anahama, ambacho sisi tulikitumia kuegemezea dirisha lisijifunge. Kilikuwa cha Kiingereza, kimepangwa kwa tarehe, kila ukurasa siku moja ya mwaka: siku kama hii meli fulani zilipigana, siku kama hii nyingine ilizama, nahodha fulani alifika mahali ambapo hapajawahi kufikwa. Nikaanza kukitafsiri. Kila alasiri niliandika tarehe juu ya ubao, chini yake sentensi moja, wanafunzi wakaisoma kwa zamu.

Usingizi uliisha. Makuli wanazijua meli, wamezibeba mabegani, na kila vita niliyoiandika waliipigana upya. Mmoja atasema meli ile ilipakiwa vibaya, mwenzake atambishia mpaka niwagongee meza. Siku tuliyofika kwenye ile manowari ya Wajerumani iliyojificha Rufiji, hatukumaliza somo kabisa, kila mtu ana babu yake aliyeiona.

Mbele kabisa, karibu na ubao, alikuwa anakaa Bi Somoe, mjane kutoka Kilwa, muuza samaki wakavu. Herufi zilimtesa. Miezi minne alikuwa bado anaunganisha silabi kwa kidole. Lakini hakukosa hata siku moja, na alasiri moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hicho kitabu kina siku zote za mwaka?"

"Zote, Bi Somoe. Hakuna iliyorukwa."

"Na meli zote zilizozama zimo?"

"Zimo zote," nikamjibu, haraka haraka, maana sikupenda kuonekana kuna nisilolijua.

Akanitajia tarehe moja, wiki sita mbele. Akasema, "Basi siku hiyo nitawahi kuja." Nami sikumuuliza kuna nini. Ningemuuliza, mwanangu, leo nisingekuwa na hadithi.

Kuna nini? Nilikuja kujua baadaye, ila wewe nakuambia sasa. Mumewe, Athumani, alikuwa mchochea makaa katika meli ya mizigo wakati wa vita ya pili. Meli ikapigwa na nyambizi, haikufika ilikokuwa inakwenda. Kaburi hakuna. Bi Somoe alibaki na barua moja yenye tarehe, na kwa miaka thelathini hiyo tarehe ndiyo kitu pekee alichojua kukisoma, kwa umbo lake tu. Kila mwaka alimwomba mtu amtazamie kalenda, siku ikifika anasoma dua. Sasa amesikia kuna kitabu cha dunia nzima kinachotaja kila meli. Alitaka kuiona meli ya Athumani imeandikwa mbele za watu, hata mara moja. Hicho tu. Alikuwa akikihesabia siku, na mimi nilishamwahidi bila kujua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Tarehe siitaji, ni ya wenyewe. Rafiki yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na fundi wa Mtaa wa Sikukuu aliniambia nisipofika kabla ya saa kumi na moja kujaribu gauni, nitakwenda harusini na gauni la zamani. Nikafungua kitabu. Ukurasa mzima unahusu mkuu mmoja wa jeshi la maji la huko kwao aliyepandishwa cheo, majina ya nishani mstari kwa mstari. Kutafsiri ingenichukua nusu saa. Nikaufunga. Nikaandika tarehe, na chini yake: "Siku kama ya leo hapakutokea kitu chochote baharini." Nikaona nimewafanyia wepesi, sentensi haina jina gumu hata moja.

Bi Somoe akaingia amejifunga khanga mpya, doti ambayo bado ina ukavu wa dukani. Amemshika mkono wifi yake, Bi Hadija, dada wa Athumani, mtu mzima ambaye hakuwahi kufika darasani kwangu. Wamebeba sahani ya kashata iliyofunikwa kitambaa. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba. Mawazo yangu yako kwa fundi.

"Leo nasoma mimi," Bi Somoe akasema, akasimama mbele ya ubao.

Akaweka kidole. "Si-ku. Ka-ma. Ya le-o." Akapumua. Darasa zima lilimkazia macho, maana hajawahi kufika mwisho wa mstari peke yake. "Ha-pa-ku-to-ke-a." Akaendelea mpaka neno la mwisho, bila kusaidiwa na mtu. Na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walimpigia kwa furaha ya kweli, wengine wamesimama juu ya mabenchi, nami nikapiga pia. Nilikuwa napigia makofi kazi yangu.

Yeye alibaki pale mbele, anausoma tena mstari ule kimoyomoyo, midomo inacheza. Makofi yakapungua. Akanigeukia.

"Mwalimu, aliyesahau ni kitabu au ni wewe?"

Bi Hadija, ambaye hakujua kusoma, akauliza, "Wamesemaje, wifi? Wamemtaja?" Bi Somoe akamshika mkono, akamwambia twende nyumbani, wakatoka. Kashata waliziacha juu ya meza yangu.

Nilijua nimefanya jambo baya, ingawa nilikuwa sijajua ni jambo gani. Nikachukua kifutio. Mzee Chilumba akaniwahi. Huyu alikuwa kuli mzee kuliko wote darasani, mtu wa upande wa Masasi, mpole, hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Ndiye aliyenieleza habari za Athumani, kwa kifupi, pale pale tumesimama. Halafu akasema:

"Usifute. Acha hivyo hivyo mpaka aje kufuta mwenyewe."

"Na asipokuja, Mzee?"

"Basi itabaki. Mwalimu, nikwambie kitu usinikasirikie. Ile manowari ya Rufiji uliyotuandikia, ulimtaja nahodha wake. Ilipokwisha kuharibika, mizinga yake ilivutwa kwa kamba hadi hapa Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa kwenye kamba. Bega lake moja halikunyooka tena mpaka amekufa. Hukumtaja, na sikusema neno, maana ulikuwa umeandika nusu, na nusu si uongo. Lakini leo umeandika uongo. Hivyo vitabu vinaandikwa na waliokuwa wamesimama juu, penye upepo. Walio chini kwenye moto hawakushika kalamu. Wewe uko hapa, unakaa nao kila siku. Kwa nini hukuuliza?"

Gauni sikulifuata. Nililala na aibu yangu.

Kesho yake, Alhamisi, niliomba ruhusa kazini mchana nikaenda nyumbani kwa Bi Somoe, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita palepale Gerezani. Nilimkuta anachambua samaki. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi, yote yakapotea, nikapiga magoti tu sakafuni nikasema nimekosa, nilisema zimo zote na sikujua.

Alimalizia samaki aliyekuwa mkononi. Kisha akanawa mikono, akatoa chini ya godoro bahasha iliyokwisha kuwa laini kama kitambaa. "Nisomee," akasema. "Aliyenisomea zamani alikuwa na haraka."

Barua ilikuwa na mistari minne. Ilisema meli haikufika, ilisema tarehe, ilisema wanasikitika. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Akatikisa kichwa. "Ndiyo hayo hayo. Nilidhani labda kulikuwa na zaidi."

Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, swali lisilo la silabi. "Bi Somoe, alikuwa mtu wa namna gani?"

Akacheka! Sikutegemea. Akaniambia Athumani alikuwa hawezi joto kabisa. Miezi ya jua kali alilala sakafuni ukumbini mwa nyumba na mlango wazi, watu wakimruka. "Na kazi gani aliyoipata? Ya kuchochea moto!" Akirudi safari, anasema Bi Somoe, alikuwa anajifungia bafuni na ndoo mbili mpaka wapangaji wanagombana naye. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha. Nikalia naye.

"Ubao umefuta?" akaniuliza nilipokuwa naaga.

"Bado. Unakusubiri wewe."

Siku ile ya Alhamisi tulisoma bila ubao. Nilifundisha huku uongo wangu uko nyuma ya mgongo wangu, umenyooka, umepangika, mwandiko safi kabisa. Sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama siku ile.

Ijumaa akaja. Amevaa khanga zake za sokoni, na Bi Hadija yuko naye. Hakuniangalia. Akachukua kifutio, akafuta kila kitu, tarehe na yote, akahakikisha halibaki hata doa. Akashika chaki. Kwanza akaandika tarehe, upesi, bila kuinua mkono, kama mtu anayeandika jina lake. Hiyo alikuwa nayo miaka thelathini. Halafu akaanza maneno, na hapo mwendo ukawa wa taabu, herufi nyingine kubwa nyingine ndogo, mstari umeteremka upande. Hatukumsaidia. Ilichukua muda mrefu kuliko ule nilioona ni mwingi kwa kutafsiri ukurasa mmoja.

"Umeandika nini?" Bi Hadija akauliza.

Bi Somoe akaweka kidole ubaoni, akamsomea: "Siku hii Athumani alizama na meli. Alikuwa chini kwenye moto."

Safari hii makofi hayakupigwa. Mzee Chilumba alivua kofia akasimama, na darasa zima likasimama naye. Bi Hadija alikuwa amefumba macho.

"Soma tena, wifi," akasema.

Akamsomea tena. Nadhani alimsomea mara nne, na mara ya nne hakuunganisha silabi, alisoma tu.

Jumatatu iliyofuata kile kitabu kilirudi dirishani kwake. Nilinunua daftari kubwa, nikachora kurasa kwa tarehe, na kila alasiri nikauliza darasa: siku kama hii, nani ana jambo? Walikuwa nayo. Kuli mmoja alikuja na siku aliyoshuka kutoka meli ya Lindi hana viatu. Fundi wa reli na siku mwanawe alipozaliwa ndani ya kivuko pale Magogoni, katikati ya maji, na abiria wakamchangia jina. Mzee Chilumba alileta baba yake na kamba. Bi Somoe alimaliza kisomo mwaka uliofuata, na ndiye aliyelishika lile daftari nilipohamishwa kikazi. Akanirudishia kabla hajafariki, lina mwandiko wake mwingi ulioteremka upande.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, hakuna atakayekuvua cheo. Mtu akikuambia anaingoja siku fulani, muulize kuna nini. Utakapokaa kwenye kiti chako cha redio na vitabu vyako vya manahodha, wataje, walisafiri kweli. Ila jiulize nani alikuwa chini anachochea. Na ukikuta tarehe ambayo haina neno, usiwaambie watu hapakutokea kitu. Waambie bado hatujaambiwa, halafu toka nje ukaulize.

Daftari lenyewe hilo hapo juu ya kabati, lishushe. Nakupa. Zimebaki kurasa tupu nyingi, na wazee wa kuulizwa bado tupo.

Mungu akupe sikio refu kuliko ulimi. Akupe subira ya kumngoja mtu amalize sentensi yake. Na siku yako itakapofika, mbali huko mbele, awepo wa kuisoma, na awepo pembeni yake wa kumwambia asome tena.