Laini Moja, Kompyuta na Mama wa Dobi

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa simu katika hoteli moja ya Kikambala. Wakubwa walileta kompyuta, wakataka izungumze na nyingine iliyokuwa ofisi kuu, Mombasa. Njia ilikuwa simu tu. Kila siku saa nane mchana nilipiga ofisi kuu, nikangoja mpaka nisikie mluzi sikioni, kisha nikabonyeza kitufe cha kisanduku kilichounganisha kompyuta na laini. Ndipo majina ya wageni yakaanza kwenda. Upepo ukitikisa nyaya, yote yalikatika, nami nikaanza upya. Siku nyingine nilianza upya mara sita. Nilifika nyumbani masikio yakinivuma, sitaki kusemeshwa na mtu.

Mvua za masika zikaua laini yetu ya pili. Ikabaki moja.

Siku moja, saa nane ikikaribia, ikaja simu kutoka hospitali ya Malindi. Alikuwa mkwewe mama mmoja wa Ganda, karibu na Malindi, aliyefua mashuka pale hotelini.

"Mke wangu ana uchungu tangu jana. Daktari ataka kumpasua, nami sithubutu bila kauli ya mamake. Niitie, tafadhali."

Simu ikakatika. Nilikimbia chumba cha dobi, nikarudi na mama, mikono yake bado ina povu. Tukamkuta meneja amesimama kando ya meza yangu.

"Kompyuta kwanza," alisema. "Jana haikupeleka kitu."

Nikamwambia kuna mgonjwa. Akasema ni dakika kumi tu, akaenda zake.

Nikapiga Mombasa. Ikashika, ikakatika. Nikapiga tena. Mama alisimama ukutani, hakuniharakisha hata kwa neno moja. Afadhali angenigombeza. Saa nane na nusu, orodha ikiwa katikati, niling'oa waya nikapiga Malindi.

Mama alisikiliza, kisha akasema kwa sauti kavu, "Mpasueni. Mimi ndiye mamake, nimeridhia." Akanipa mkono wa simu, akaketi sakafuni.

Meneja akaja mbio. "Nani amekata?"

"Ni mimi, bwana."

"Wajua kwamba Mombasa wanangoja?"

"Najua."

Nikaandikiwa barua ya onyo. Niliitia sahihi bila kuisoma, nimechoka.

Binti alipona. Mtoto hakupona. Daktari aliwaambia kwamba wamechelewa. Hakusema kwa muda gani, na mama hakuuliza. Ile nusu saa niliihesabu mimi peke yangu, nami naihesabu hadi leo.

Siku kumi baadaye alirudi kazini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole, mama." Ndilo pekee lililonitoka.

"Nishapoa," akajibu, akajitwika furushi la mashuka ya wageni, akaenda kufua.