Samaki wa Profesa Nilimlisha Mama Mkwe

Nimekosa, jamani! Kosa ni langu peke yangu, na bado naandika huku nacheka kama mwendawazimu.

Nilikuwa kwenye timu inayochunguza aina za samaki wa mto Ituri. Siku ya mwisho wavu ulitoa samaki mmoja mwenye pua ndefu na mkia wa manjano. Wavuvi wa pale walimgeuza-geuza, hakuna aliyemjua jina. Profesa wetu, mama mkali asiyecheka ovyo, alipiga vigelegele!

"Weye njo utamufikisha Bunia," akaniambia. "Akifika muzuri, mission inayokuja uko ndani."

Mimi ndiye nimfikishe, na safari ijayo ya utafiti nimo! Kichwa kikavimba! Nilikuwa pia nimetoka kukubaliwa posa huko huko Bunia, na mkwe akitoka mtoni hapiti kwa mama mkwe mikono mitupu. Nikamnunulia tilapia, nikamfunga kwenye mfuko mweusi, nikamweka kwenye boksi lile lile la barafu. Na samaki wa Profesa alikuwa humo humo, ndani ya mfuko mweusi vilevile. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Sasa, kwetu mkwe hamkazii macho mama mkwe. Nilipofika kwake nikainamisha kichwa kwa adabu zote, mkono ukapapasa ndani ya boksi, nikatoa mfuko, nikampa kwa mikono miwili. Macho yangu yalikuwa chini kwenye viatu vyangu. Heshima gani hiyo!

Ofisini Profesa akafungua mfuko uliobaki. Tilapia!

"Samaki yangu iko wapi?"

Nilirudi mbio kwa mama mkwe, nikimhimiza dereva apite hata kwenye mashimo. Harufu ya kukaanga ikanipokea kwenye ua.

"Mukwe, karibu!" mama akasema kwa furaha. "Nilijua utarudia kula. Kichwa nimekuwekea weye."

Nani anamdai mama mkwe zawadi? Nikakaa. Nikala. Na mama yangu wee, alikuwa mtamu!

Nilimpelekea Profesa mifupa kwenye leso.

"Nani alikula?"

"Mama mukwe, Prof. Na miye."

Alicheka mpaka akakaa chini! Nami nikacheka, nikidhani nimesamehewa. Alipomaliza kufuta machozi akaniambia mission inayokuja sitaenda. Picha tunayo, lakini bila samaki mwenyewe wakubwa wa elimu hawatamkubali kuwa ni aina mpya.

Nilipomweleza mama mkwe kuwa samaki yule hakuwa anajulikana na mtu, nilidhani atalia. Wapi! "Kumbe njo miye mutu wa kwanza kumula!" Ameiambia kwaya yake nzima, na sasa anataka siku ya ndoa nilete mwingine kama yule.

Wenzangu wako mtoni bila mimi. Nikiwapigia simu swali ni moja tu: mmempata? Bado. Nacheka, halafu roho inaniuma, maana huenda alikuwa peke yake.

Ndugu yangu mwenye uchumba, mheshimu mama mkwe, lakini kabla hujainamisha kichwa, angalia kwanza unampa nini!